Uzi: "Wadhribuhunna" haibebi maana ya "waacheni". Tujadili kwa sarufi, si kwa jazba

#1 Mkata Irabu

Salaam wakuu.

Kila ikiguswa tafsiri ya Qur'ani kwa jicho la kifeministi, watu hukimbilia An-Nisaa aya ya 34, inayozungumzia mke anayehofiwa nushuzi (wengi huielewa kuwa uasi kwa mume), na kusema neno *wadhribuhunna* halina maana ya "wapigeni" bali "waacheni" au "ondokeni kwao". Aliyelipa umaarufu dai hili ni Laleh Bakhtiar, Mmarekani aliyetoa tarjama yake ya Kiingereza mwaka 2007. Nia yake naiheshimu, lakini sarufi haikubali.

Mzizi ni dh-r-b, na kitenzi hiki hubadilika maana kwa kinachokifuata. Kikifuatwa na *fi* ni kusafiri, *dharabtum fil ardhi* (4:101, yaani sura ya 4 aya ya 101). Kikichukua *mathalan* ni kupiga mfano (14:24). Kikifuatwa na *'an* ni kukiondosha kitu kando, kama 43:5. Lakini kikimchukua mtu moja kwa moja kama maf'uli bihi (yambwa), bila harfu jarri (kihusishi kama *fi* au *'an*) wala nyongeza, kinabaki kupiga. Kama makusudio yangekuwa kuwaacha, tungetarajia *wadhribu 'anhunna*. Hiyo *'an* haipo.

Kuna wanaosema basi ni *adhraba*, ile ya kuachana na jambo. Amri yake ingeanza kwa hamza ya qat'i (inayotamkwa daima), *wa adhribu*, na bado ingetaka *'an*. Visomo vyote kumi vya Qur'ani vinasoma kwa hamza ya wasli (inayomezwa katikati ya maneno). Njia hiyo imezibwa.

Mswahili ndiye angekuwa wa mwisho kudanganyika hapa. Sisi tunapiga pasi, tunapiga hodi, tunapiga kambi, tunapiga chafya, tunapiga mfano. Ila ukisema "wapigeni" ukanyamaza, hakuna anayewaza pasi.

Dai langu ni hili: hoja za kumtetea mwanamke ndani ya Qur'ani zipo, tena nzito. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Aliyemaliza Ajrumiya, kitabu cha mwanzo cha sarufi ya Kiarabu, anaiangusha kwa dakika mbili, na ikianguka inazitia doa na zile nzito.

#2 Mchokonozi

Nimetandika mkeka mbele kabisa. Waje wajuzi.

#3 Ukhti Lisani

Mkata Irabu, sarufi nakuachia, hapo umekaza. Ila hadithi umeianzia katikati. Bakhtiar hakuanza na kamusi, alianza na Al-Baqara 231. Mume aliyetoa talaka anaambiwa amrejee mkewe kwa wema au amwachilie kwa wema, wala asimzuie kwa kumdhuru. Weka aya hizo mbili sambamba. Anayekaribia kuachwa ni haramu kudhuriwa, halafu anayebaki ndani ya ndoa ndiye aruhusiwe kupigwa? Mwanamke angeona heri talaka. Mgongano huo ndio uliomrudisha kwenye kamusi.

La pili ni Hadithi ya Bi Aisha iliyomo kwa Muslim (mkusanyaji wa Hadithi), kwamba Mtume hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Amri ambayo Mtume hakuitekeleza hata mara moja inataka kuangaliwa upya. Jibu lake unaweza kulikataa, swali lake bado liko mezani.

#4 Mkata Irabu

Swali nalipokea. Jibu la Wanausuli (wataalamu wa misingi ya fiqhi) ni kwamba si kila tamko la amri ni amri. *Wa idha halaltum fastadu*, mkishatoka kwenye ihramu windeni (5:2). Nani aliyewahi kusema Hajj haikamiliki mpaka uue swala? Ni ruhusa tu, na Mtume kuiacha ruhusa si mgongano.

#5 Maalim Hashiya

Ndugu Mkata, ukishasema ni ruhusa umefungua mlango ambao wanazuoni waliupita kabla ya kuzaliwa neno ufeministi. Ata ibn Abi Rabah, mufti wa Makka katika kizazi cha Tabiina (waliowafuata Maswahaba), alisema mume asimpige hata kama amemwamrisha na kumkataza asitii, amkasirikie tu. Ibn al-Arabi, Mmaliki (si yule Msufi), akaipokea kauli hiyo katika Ahkam al-Qur'an na kuisifu kuwa ni katika fiqhi ya Ata: alijua kwamba hapa ni ruhusa, na karaha yake ameipata kwenye Hadithi nyingine. Shafii naye kasema inajuzu, kuacha ni bora.

Karne ya 20, Ibn Ashur wa Tunisia aliyefariki 1973 akaenda mbele zaidi. Watawala wakiona waume hawajui kuiweka ruhusa hii mahali pake, wanaweza kuwapiga marufuku na kumwadhibu atakayempiga mkewe. Hakuhitaji kuligusa neno *dharaba*. Alichogusa ni nani mwenye mamlaka ya kuitumia ruhusa.

#6 Mchokonozi

Na yule aliyesema ni kwa mswaki? Maana humu ndani kila uzi kama huu mswaki haukosi.

#7 Ukhti Lisani

Mchokonozi 😂 umeuleta mwenyewe. Kauli ya siwaki imo kwa Tabari, mfasiri wa Qur'ani, na anayeipokea kutoka kwa Ibn Abbas ni huyo huyo Ata. Sharti la "kipigo kisichoumiza", *ghayra mubarrih*, limo kwenye Hotuba ya Kuaga, kwa Muslim kupitia Jabir.

Lakini tazama sababu inayotajwa kwenye hotuba hiyo: wasimruhusu kulala matandikoni mwenu mtu mnayemchukia. Na riwaya ya Tirmidhi inasema "isipokuwa wakileta uchafu ulio wazi". Ndiyo maana wapo wanaosema nushuzi ya 4:34 haina uhusiano na mke kukataa kupika au kutoka bila kuaga. Ni kosa linalokaribia zinaa. Ukiipunguza nushuzi kiasi hicho, kitenzi chako kinabaki na kazi ndogo sana.

#8 Mkata Irabu

Nushuzi kwa lugha ni mahali palipoinuka. 58:11, *unshuzu*, inukeni. Aliyeinuka dhidi ya mwenzake. Sioni zinaa humo.

#9 Ukhti Lisani

Na mimi sioni kupika humo. Twende 4:128 basi. Neno ni lile lile, nushuzi, safari hii ya mume. Dawa yake ni suluhu. Kama nushuzi ni uasi wa mke kwa mume, mume anamwasi nani?

#10 Msomaji wa Pembeni

Naomba kuchangia kidogo. Amina Wadud, msomi Mwislamu wa Marekani, kwenye kitabu chake cha 1999 alishasema aya ilikuja kuwawekea breki wanaume waliokuwa wakipiga bila mipaka, na akatofautisha *dharaba* na *dharraba*, ile yenye shada, ambayo ni kupiga kwa kurudiarudia au kwa nguvu. Qur'ani haikutumia yenye shada. Kwa hiyo kwake ni kizuizi.

#11 Maalim Hashiya

Marekebisho: 1999 ni chapa ya Oxford. Kitabu kilitoka kwanza Kuala Lumpur mwaka 1992. Tarehe hii ina uzito, kwa sababu mwaka 2006 alitoa kitabu cha pili na humo akaiacha hoja yake mwenyewe. Alisema ameipitia aya hiyo kwa miaka mingi, amekosa njia ya kuitekeleza kama ilivyo, na anasema "hapana" kwa utekelezaji wake wa juu juu. Anayemnukuu wa 1992 peke yake anamnukuu nusu.

#12 Tarjama Moja

Ongezeni la tatu kapuni. Ahmed Ali, mwandishi wa Pakistan, kwenye tarjama yake ya Kiingereza alilitafsiri neno hilo kwa maana ya kulala nao wakiridhia, akitegemea Raghib al-Isfahani, mtunzi wa kamusi ya maneno ya Qur'ani, maana Waarabu husema *dharaba al-fahlu an-naqata*, dume la ngamia limempanda jike. Kwa hiyo kuna "wapigeni", "waacheni" na "laleni nao". Neno moja, na tafsiri ya pili na ya tatu zinavutana mashati.

#13 Mkata Irabu

@Tarjama Moja umenisaidia bila kutaka. Ukikubali kuchagua maana kwenye kamusi kwa kuitazama nia yako, kamusi haitakukatalia kitu. Na Wadud wa 2006 namheshimu kuliko Bakhtiar na Ahmed Ali. Kusema "hapana" ni msimamo, si kuchezea harfu jarri.

#14 Maalim Hashiya

Ni msimamo, ila si tafsiri tena. Mfasiri anasema "aya imekusudia hivi". Akisema "aya imekusudia hivi, nami sikubali", amehama chumba.

#15 Ukhti Lisani

Ata alihama chumba? Omar alipozuia fungu la zaka la *muallafatu qulubuhum* (wanaovutwa nyoyo zao kwenye Uislamu), ambalo limo kwenye Tawba aya ya 60 kwa jina lake, alihama chumba? Mbona wao tunawaita mafaqihi?

#16 Maalim Hashiya

Omar alisema sababu ya fungu imeondoka. Hakusema fungu ni kosa.

#17 Nafaqa Kwanza

Mnagombania tawi wakati shina ni *qawwamuna*, mwanzo wa aya hiyo hiyo. Tarjama ya Sheikh Ali Muhsin Barwani imeweka "wasimamizi". Sawa. *Qawwam* iko kwenye wizani (umbo la neno) ya *fa''al*, mtu wa kusimamia jambo sana. Wizani na mzizi huo huo upo 4:135 na 5:8, na pale wanaoambiwa wawe hivyo ni waumini wote: wasimamie uadilifu. Aliye *qawwam* anabebeshwa kazi. Kama ni cheo, hapo hakuna aliyekipata peke yake.

Halafu kuna *bima* mbili. *Bima fadhala Allahu ba'dhahum 'ala ba'dhin*, na *bima anfaqu*. Hiyo *ba* ni ya sababu. Na haikusema *fadhalahum 'alayhinna*, amewafadhilisha wao juu yao, ambayo ingekuwa fupi na isiyo na shaka. Imesema baadhi yao juu ya baadhi. Wadud na msomi wa sheria Azizah al-Hibri wamejenga hapo: usimamizi una masharti, na sharti likiondoka unaondoka.

Msidhani ni uzushi wa vyuo vya Marekani. Qurtubi, mfasiri wa Qur'ani aliyefariki 671 Hijria, anasema wanazuoni walifahamu kutoka *wa bima anfaqu* kwamba mume akishindwa kutoa nafaqa hawi tena *qawwam* juu ya mkewe, na mke ana haki ya kuvunja ndoa. Ndiyo kauli ya Malik na Shafii. Abu Hanifa akakataa, akashika 2:280, mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike.

#18 Mkata Irabu

Hii ndiyo hoja nzito niliyoisema #1. Asante. Ila angalia mtego wake: usimamizi ukitegemea pesa, mwenye pesa ndiye msimamizi. Mke akiwa ndiye anayelisha nyumba, naye amekuwa *qawwam* juu ya mumewe? Na asiye na kitu, mwanamume kwa mwanamke, hana neno? Mmelikimbia daraja la jinsia mkaangukia daraja la mfuko.

#19 Nafaqa Kwanza

Hapo umenibana. Al-Hibri hujibu kwamba aliyesimamia ni mshauri katika lile alilomzidi mwenzake kwa elimu na analoligharamia, basi. Inapunguza, haimalizi.

#20 Tarjama Moja

Mimi nataka turudi kwenye Kiswahili, maana hatujatazama lugha yetu inatufanyia nini. Chukua 4:1, *khalaqakum min nafsin wahidatin wa khalaqa minha zawjaha*. Hii ndiyo aya mama ya Wadud na msomi mwenzake Riffat Hassan. *Nafs* kisarufi ni ya kike, *zawj* ni ya kiume. Ukishikilia sarufi ovyo utasema wa kwanza alikuwa mwanamke na mwenziwe akawa mwanamume! Wao hawasemi hivyo. Wanasema aya haikutaja nani wa kwanza, na haikutaja ubavu popote.

Kwenye Kiswahili mvutano huo unayeyuka. "Nafsi" iko ngeli ya I-/ZI-, haina jike wala dume. Na yule *zawj* inabidi umwamulie. Ukiandika "mkewe" umeshamweka Adamu mbele na Hawa nyuma. Ukiandika "mwenzake" umeuacha mlango wazi kama Kiarabu kilivyouacha. Neno moja la mfasiri, na msomaji asiyejua Kiarabu hajui kwamba palikuwa na uamuzi.

#21 Mchokonozi

Kumbe Kiswahili kina ufeministi wa bure? "Yeye" ni yeye tu.

#22 Tarjama Moja

Kina, na kinadanganya pia. Tukisema "Mwenyezi Mungu, Yeye ndiye", hatujapata ile *huwa* (yeye wa kiume) ambayo msomi Asma Barlas anaandika kurasa nyingi kueleza kwamba si uanaume. Sisi tatizo hatulioni, kwa hiyo na jibu lake hatulitafuti.

#23 Msomaji wa Pembeni

Ubavu haumo kwenye Qur'ani lakini umo Bukhari na Muslim. Hilo hamlijibu.

#24 Maalim Hashiya

Linajibika kwa namna mbili. Riffat Hassan aliitupa Hadithi yenyewe, akaona ni Mwanzo ya Biblia iliyopenya. Kwangu hilo ni zito, maana isnadi yake (mnyororo wa wapokezi) ni ya Abu Hurayra kwa njia madhubuti. Njia nyepesi zaidi ni kusoma matamshi yake yote. Moja linasema "ameumbwa kutokana na ubavu", jingine, humo humo Bukhari, linasema "mwanamke ni *kama* ubavu, ukiunyoosha utauvunja". *Kaf* ya kufananisha ikiingia, kisa cha uumbaji kimeisha, umebaki wasia. Na Hadithi inaanza na *istawsu bin nisai khayran*, usianeni wema kwa wanawake. Waliozoea kuitumia kama rungu huanzia sentensi ya pili.

#25 Bukhari Mkononi

Mkishafika kwenye Hadithi msimsahau Fatima Mernissi, mwanasosholojia wa Morocco. Mwaka 1987 aliichambua ile "hawatafaulu watu waliomtawalisha mwanamke" akaonyesha kwamba Abu Hurayra aliitoa kipindi cha Vita vya Ngamia, robo karne baada ya kusikika, wakati Bi Aisha ameshashindwa. Siasa tupu.

#26 Maalim Hashiya

Abu Bakra, ndugu yangu. Si Abu Hurayra. Na wala si Abu Bakar, watu huchanganya. Abu Hurayra Mernissi kamshughulikia kwenye Hadithi nyingine.

Hoja yake ya pili ndiyo kali zaidi: Abu Bakra alichapwa viboko vya qadhfu (kusingizia zinaa) zama za Omar. Walikuwa mashahidi wanne dhidi ya Mughira ibn Shu'ba, wa nne, Ziyad, akasita, watatu wakaadhibiwa. An-Nur aya ya 4 inasema msikubali ushahidi wao abadan, aya ya 5 inawatoa waliotubu. Wenzake wawili walirudi nyuma. Abu Bakra alikataa.

Wanahadithi walilijua hili miaka mingi kabla ya Mernissi. Jibu lao: *shahada* (ushahidi wa mahakamani) si *riwaya* (upokezi wa Hadithi). Aliyekwenda mahakamani kama shahidi idadi ikapungua si sawa na mzushi wa mtaani, na kupokea Hadithi kuna masharti yake.

#27 Bukhari Mkononi

Nimesahihishika, Abu Bakra. Ila jibu hilo linaniacha na njaa. Ushahidi wa deni la mbuzi tunaukataa, tunapokea kwake sheria ya kuwafungia nusu ya umma milango ya uongozi?

#28 Mkata Irabu

Si lazima umguse msimulizi. Sababu imo kwenye matini (maneno yenyewe ya Hadithi): Mtume alisema alipopata habari kwamba Waajemi wamemtawaza binti Kisra. Swali linakuwa la usuli, je, tunashika ujumla wa tamko au umahususi wa sababu? Halafu weka pembeni An-Naml. Malkia wa Saba anashauriana na wakuu wake, anapima nguvu, anakwepa vita, anasilimu. Firauni, mwanamume, anawazamisha watu wake. Na Tabari ananukuliwa kujuzisha mwanamke kuwa kadhi katika kila kitu.

#29 Maalim Hashiya

Ananukuliwa, lakini Ibn al-Arabi anasema haikuthibiti kwake. Ya Abu Hanifa ndiyo imara: kadhi katika yale ambayo ushahidi wake unakubalika. Msibebe kila kinachowapendeza. Ile ya mwanamke aliyempinga Omar msikitini juu ya kikomo cha mahari akamsomea 4:20, *qintaran* (mali nyingi), kila mhadhara inatajwa, na isnadi zake zina kasoro. Ya Abdur-Razzaq imekatika, ya Abu Ya'la ina Mujalid ibn Said, dhaifu.

Mnaotaka Hadithi safi ya mwanamke kuwasahihisha wanaume, chukueni ya Bi Aisha humo Bukhari. Aliposikia kwamba mwanamke, mbwa na punda hukata swala akasema: mmetufananisha na punda na mbwa! Akaeleza kwamba Mtume alikuwa akiswali naye amelala baina yake na kibla. Zarkashi, aliyefariki 794 Hijria, alikusanya kitabu kizima cha masahihisho yake kwa Maswahaba.

#30 Mirathi 24

Samahani kwa kuchelewa. Naona mmekaa kwenye aya ya kupiga kurasa nzima wakati aya inayogusa watu kwa hesabu ni 4:11. Tuanze na hesabu ndipo tafsiri.

Amekufa mume, ameacha mke, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Asili ya mas'ala (idadi ya mafungu) ni 8, mke thumni (1/8), yaani 1, zinabaki 7, hazigawanyiki kwa vichwa 3. Zidisha: 24. Mke 3, mtoto wa kiume 14, wa kike 7.

Sasa ameacha baba, mama na mtoto wa kiume. Baba 4 katika 24, mama 4. Sawa kwa sawa. Ndugu wa kwa mama wanagawana thuluthi moja, dume na jike sawa (4:12). Na amekufa mke, kaacha mume, binti mmoja na baba: katika 12 mume 3, binti 6, baba 2 kwa fardhi (fungu lililotajwa) na 1 iliyobaki, jumla 3. Binti peke yake ni sawa na wanaume wawili wakijumlishwa. Anayesema "Uislamu humpa mwanamke nusu" hajawahi kushika kalamu ya faraidhi.

#31 Ukhti Lisani

Mirathi 24, hesabu safi. Lakini kesi inayojirudia majumbani ni ile ya kwanza, 14 kwa 7. Na jibu linalotolewa ni kwamba kaka ana nafaqa ya kutoa, dada hana. Sasa kama dada ndiye anayemlisha kaka?

#32 Mirathi 24

Hapo ndipo penyewe, na wengi huchanganya *illa* (sababu ambayo hukumu imefungwa nayo) na *hikma* (faida inayolengwa). Msafiri anafupisha swala. Hikma ni mashaka, illa ni safari. Ukisafiri umekaa kwenye kiti laini bado unafupisha, na anayebeba mizigo siku nzima mjini kwake hafupishi. Hukumu inazunguka na illa. Kwenye mirathi illa ni nasaba na daraja yake, nafaqa ni hikma tu. Ndiyo maana faqihi hasikii ukimwambia kaka hatoi kitu. Wafasiri wa kifeministi wanaopita njia ya makusudio (malengo ya sheria) wanataka hukumu ifuate hikma. Ni kubadilisha gia nzima ya usuli, wala si kusoma upya aya moja. Tunisia ilipiga marufuku mitala kwa sheria ya familia ya 1956, ikipitia 4:3 na 4:129 (hamtaweza kufanya uadilifu). Ile mbili kwa moja ya mirathi hata wao hawajaiondoa. Pendekezo la 2018 lilikwama.

Anayetaka mabinti wake wasiachwe nyuma ana njia ndani ya fiqhi ile ile: hiba akiwa hai. Jumhuri (wanazuoni walio wengi) wanasema watoto wapewe sawa, kwa Hadithi ya Nu'man ibn Bashir. Wahanbali wanasema hata hiba iwe mbili kwa moja. Pa kukosea ni pawili. Hiba bila *qabdhi*, mtoto hajakabidhiwa, hati na ufunguo bado mfukoni mwa baba, akifa inarudi kwenye mirathi. Na hiba ya maradhi ya mauti inahesabiwa wasia, na wasia kwa mrithi haupiti mpaka wenzake waridhie.

#33 Nafaqa Kwanza

Mtu wa kwanza humu kuandika kitu ambacho mtu anaweza kukifanya kesho asubuhi.

#34 Bukhari Mkononi

Mleta uzi kasema kuna hoja nzito. Mbona Aysha Hidayatullah mwaka 2014, tena mwanamke na wa kambi hiyo hiyo, alizipitia mbinu zao tatu akaona zote zina ufa? Kuweka aya kwenye historia yake, kuisoma Qur'ani kwa Qur'ani, na hoja ya tauhidi, kwamba kumweka mwanamume kati ya mwanamke na Mungu kunanukia shirki. Anauliza, mkisema aya ya usawa ni ya milele na aya ya daraja (2:228, wanaume wana daraja juu yao) ni ya zama zake, nani amewapa kisu cha kukatia?

#35 Ukhti Lisani

Ni swali zuri na linakata pande zote. Waliosema 2:228 *daraja* ni ya milele na kwa kila jambo, wakati aya yenyewe iko katikati ya hukumu za eda na kurejea, na kabla yake tu imesema wanawake wana haki mfano wa zile zilizo juu yao, kisu hicho walipewa na nani?

#36 Mkata Irabu

Aya hiyo nimeikwepa kusudi, nilijua itafika.

Nirudi kwenye neno langu. Hakuna aliyetaja An-Nur 31, *walyadhribna bikhumurihinna 'ala juyubihinna*. Mzizi huo huo, na watendaji ni wanawake: "wapige" shungi zao juu ya vifua. Hapo hakuna aliyewahi kusema maana ni kuchapa, kwa sababu *ba* na *'ala* zimetuonyesha njia. Ndicho ninachosema tangu #1.

#37 Tarjama Moja

Sawa mkuu, nikupe kazi basi. Al-Ahzab 35 ina jozi kumi, *muslimina wal muslimati* mpaka *dhakirina... wadh-dhakirati*. Itafsiri bila kuandika "wanaume" na "wanawake" mara kumi kumi.

#38 Mkata Irabu

Rahisi. "Waislamu, Waumini, watiifu, wakweli, wenye subira..."

#39 Tarjama Moja

Umeishia jozi ya tano na aya yote imeshakufa. "Waislamu" yetu inawameza wote tangu mwanzo, hakuna kinachoongezeka.

#40 Ukhti Lisani

Na kumbuka sababu yake, imo kwenye Musnad ya Ahmad, mkusanyiko wa Hadithi. Ummu Salama, mke wa Mtume, kamwuliza Mtume, mbona sisi hatutajwi kwenye Qur'ani kama wanavyotajwa wanaume? Siku hiyo yuko anachana nywele zake, akasikia sauti kutoka mimbari. Akazikusanya nywele, akatoka mpaka kwenye chumba kimoja cha nyumba yake, akatega sikio kwenye makuti ya ukuta, ndipo akaisikia aya hiyo inasomwa.

Mkata Irabu, kwa tarjama yako ya #38 angerudi kuchana nywele akidhani hajajibiwa.

#41 Mchokonozi

😂😂 Mkata kakatwa irabu. Zimebaki jozi tano, tunasubiri.